Kabla ya Simu, Maiki: Niliyojifunza Kurekodi Video za Gemu Nikiwa Mtwara

Vijana wa Masasi, Nachingwea na hata Liwale huniandikia swali moja: "Kaka, ninunue simu gani ili video zangu za gemu zitoke safi?" Nalielewa sana swali hilo, maana nami niliwahi kuliuliza na jibu lake nikalilipia kwa mshahara wa steshenari. Siku hizi nawajibu hivi: kabla ya simu, tafuta maiki. Kwenye video ya gemu ya mabasi kama zangu, basi lenyewe hukulichora wewe, barabara hukuijenga wewe, hata mlio wa injini katengeneza mtu mwingine. Chako ni viwili tu: unachosema na unachoamua kukata. Yote ninayoeleza hapa chini yanatokana na hilo, na ningelijua mapema ningeokoa fedha nyingi.

Nilianza na Bus Simulator Indonesia, gemu ya kampuni ya Maleo iliyotoka mwaka 2017. Huku Kusini haihitaji utambulisho. Indonesia wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia, kandokando kuna minazi na mashamba ya mpunga, na gemu yenyewe inakuruhusu kulivalisha basi rangi unazotaka au kuingiza gari lililoundwa na watu wengine. Vijana wa Tanzania wakajaza mle mabasi ya kwetu. Mtu anaendesha kisiwani Java, lakini moyoni yuko Mbagala Rangi Tatu anapakia abiria wa Mtwara.

Video zangu za mwanzo hazikuwa na maneno. Nilikuwa natumia simu ya Android 9 na programu ya kurekodi kioo, na kwa simu za aina hiyo sauti ilikuwa inapitia maiki ya simu yenyewe. Mlio wa injini ulichanganyika na feni, jogoo wa jirani na pikipiki za Chikongola. Kuanzia Android 10 ndipo programu za kurekodi ziliporuhusiwa kuchukua sauti ya ndani ya simu, na hata hapo ni kama gemu yenyewe haijazuia. Basi nikaona tatizo ni simu. Zamu yangu ya upatu ilipofika nikachukua fedha yote, nikaongeza akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya bati, nikanunua simu mpya ya shilingi 420,000.

Picha ikawa safi kweli. Sauti ya injini ikawa safi. Watazamaji wakabaki walewale, marafiki zangu na binamu wawili wa Lindi. Iliniuma. Nilikaa muda sigusi kabisa mambo ya kurekodi, na kila nikiitazama ile simu nakumbuka bati.

Aliyenirudisha ni mjomba. Amekuwa konda wa mabasi ya Mtwara na Dar es Salaam tangu kipande cha Ndundu hadi Somanga, zile kilomita 60, kikiwa bado udongo na mvua ikinyesha abiria wanashuka kusukuma. Siku moja alikuwa nyumbani anapumzika, nikamwonyesha video. Akaitazama yote bila kusema neno, kisha akaniuliza:

"Sasa mjomba, hapa tumefika wapi?"

"Hii ni Java, mjomba. Ni gemu ya Indonesia."

"Najua ni gemu. Nauliza wewe dereva umefika wapi? Umepita saa nzima huongei. Abiria hajui kama amefika Mingoyo au Nangurukuru. Hata kula hujawaambia wakale."

Nikamwomba akae pale pale anisimulie njia. Akaanza kuitaja: kutoka stendi ya Mkanaledi, Mikindani na ule mteremko wenye bahari, Mnazi Mmoja pale Mingoyo ambapo anayekwenda Masasi anaachana na anayekwenda Lindi, halafu mji wa Lindi, Nangurukuru ambako watu wanashuka kunyoosha miguu, Somanga kwenye samaki wa kukaanga, Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, Ikwiriri, Kibiti. Kila kituo alikuwa na la kusema: wapi abiria wanagombania dirisha, wapi dereva hupunguza mwendo hata kama hakuna kibao. Niliandika kwenye daftari la risiti. Video iliyofuata niliendesha basi Java huku nikiisimulia barabara ya Kusini, na kwa mara ya kwanza watu nisiowajua waliandika chini yake. Mmoja alikuwa anasoma Dodoma, akasema amekumbuka kwao.

Kwa hiyo kama unaanza, anza na cha kusema. Si lazima kiwe barabara. Anayecheza mpira kwenye gemu anaweza kueleza kwa nini kikosi kile kinashambulia kwa pembeni. Anayejenga nyumba za gemu anaweza kueleza vipimo. Andika mambo sita au saba kwenye karatasi, uyaweke mbele yako. Usiandike kila neno, ukisoma itasikika unasoma.

Ndipo inapokuja sauti yenyewe. Maiki ninayotumia mpaka leo ni ile ndogo ya waya ya kubana kwenye shati, niliinunua shilingi 15,000. Ina mapungufu yake, lakini iko karibu na mdomo, na ukaribu unasaidia kuliko bei. Ukiiweka mbali utalazimika kupandisha sauti wakati wa kuhariri, na ukiipandisha unapandisha na feni pamoja nayo. Chumba chetu kina sakafu ya saruji na kuta tupu, sauti inagonga na kurudi. Nikasimamisha godoro ukutani nyuma ya kiti, nikatundika khanga mbili nzito mlangoni, mwangwi ukapungua kabisa. Kwa mvua ya masika juu ya bati hakuna dawa, ikianza nasimamisha. Adhana nayo nasubiri iishe, kwa heshima, na pia kwa sababu haiwezekani kuitoa bila kuharibu maneno yako.

Jambo ambalo lilibadilisha kazi yangu kuliko yote ni kutenganisha sauti mbili, ya gemu na yangu. Kwenye simu narekodi gemu kwa rekoda ya kioo, na maneno nayarekodi kwenye ile simu ya zamani yenye maiki. Mwanzoni napiga kofi moja wakati huohuo nikigusa honi ya basi. Wakati wa kuhariri navilinganisha vile vilele viwili kwenye mistari ya sauti, vikikaa sawa na mengine yote yanakaa. Hapo naweza kushusha injini pale ninapoongea na kuipandisha ninaponyamaza. Mimi huacha kilele cha maneno kifike kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya sifuri, na injini naiweka chini zaidi, desibeli 15 hadi 20 chini ya maneno. Ikigusa sifuri sauti inapasuka, na iliyopasuka wakati wa kurekodi hairekebishiki.

Kwenye simu kuna mambo mengine matatu yatakayokuumiza kama hukuambiwa. La kwanza ni simu kupigwa. Washa hali ya kutosumbuliwa, la sivyo rekodi itakatika katikati na namba ya mtu itaonekana mbele za watu. La pili ni joto. Simu ikipata moto inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, gemu inaanza kugandaganda, na kwa joto la Mtwara la Desemba saa nane mchana hilo linakuja haraka. Mimi narekodi alfajiri, simu naitoa kava, na siichaji wakati nacheza. La tatu lilinisumbua sana kabla sijalielewa: maneno yanaanza vizuri, lakini kufikia dakika ya ishirini mdomo na tukio havikutani tena. Sababu ni kwamba simu hairekodi fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video, kwa kasi isiyobadilika. Ikielemewa inarekodi chache, ikipumua inarekodi nyingi, na programu nyingi za kuhariri zinachukulia kwamba kasi ni moja. Dawa yake ni kuipitisha video kwenye HandBrake, programu ya bure ya kompyuta, na kuchagua kasi ya fremu isiyobadilika kabla ya kuanza kuhariri. Kama huna kompyuta, rekodi vipande vifupi vya dakika tano tano, kupishana kutakuwa kudogo kiasi kwamba hakuonekani.

Baadaye nilinunua kompyuta ya mezani iliyotumika, shilingi 450,000, kwa mkopo wa kulipa polepole kwa bosi wangu. Humo nilihamia pia kwenye Euro Truck Simulator 2, gemu ya SCS Software ya Ucheki iliyotoka mwaka 2012, ambayo haihitaji mashine ya kifahari. Naendesha upande wa Uingereza kwa sababu nao wanatumia kushoto, na nikiwa na lori nasimulia msimu wa korosho, kutoka maghala ya Newala na Tandahimba mpaka bandari ya Mtwara. Kurekodi natumia OBS Studio, ambayo ni ya bure na haiweki alama yake juu ya video. Ukiingia kwenye mipangilio utaweza kuweka sauti ya gemu kwenye njia moja na maiki kwenye njia nyingine ndani ya faili moja, kofi halihitajiki tena. Kama prosesa yako ni ya Intel na ina kadi ya picha ya ndani, chagua Quick Sync ifanye kazi ya kubana video. Ukiiachia prosesa pekee, gemu na rekodi zitagombania nguvu.

Kisha umeme. Hili nalisema kwa uchungu. Nilikuwa nimemaliza safari ndefu ya lori, maneno yametoka vizuri kuliko siku zote, na kabla sijabonyeza kusimamisha, umeme ukakatika mtaa mzima. Uliporudi, faili lilikuwepo, lina ukubwa wake kamili, na halifunguki. Nilikuwa narekodi kwa aina ya faili iitwayo MP4. MP4 ya kawaida huandika orodha yake ya ndani mwishoni, rekodi inapofungwa. Isipofungwa, kichezeshi hakijui kinaanzia wapi. MKV, aina nyingine ya faili la video, haina tatizo hilo, ikikatika unabaki na yote mpaka sekunde ile. Rekodi kwa MKV, halafu kwenye menyu ya faili ndani ya OBS kuna sehemu ya kuigeuza kuwa MP4 kwa sekunde chache bila kupunguza ubora. Matoleo mapya ya OBS, kuanzia 30.2, yana pia MP4 ya aina nyingine inayohimili kukatika. Nilikuja kununua na UPS ndogo, betri ya akiba ya kompyuta, ya shilingi 150,000. Haikufanyi uendelee kucheza, inakupa dakika za kufunga kazi.

Na kabla sijasahau, flashi. Flashi nyingi na baadhi ya kadi za kumbukumbu zinakuja na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Ukirekodi kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa moja ya video ni kama GB 3.6; ukipandisha hadi 12 ni GB 5.4. Kompyuta itakataa kulinakili faili hilo hata kama flashi ni tupu. Hamisha kilichomo, uifomati kuwa exFAT.

Mei 2024 ndiyo iliyonionyesha kwamba mjomba alikuwa sahihi kuliko nilivyodhani. Kimbunga Hidaya kilipita pwani yetu mwanzoni mwa mwezi ule, na mvua zikaikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam maeneo ya Somanga. Magari yalikwama pande zote mbili. Mjomba alikuwa mmoja wa waliokwama, upande wa Nangurukuru. Watazamaji wangu wakaanza kuniuliza mimi, mtu wa gemu, kama njia imefunguka, kwa sababu nilikuwa nimewazoesha kuisikia barabara ile kupitia kwangu. Sikuwa na haki ya kubahatisha. Nikamwomba mjomba anitumie ujumbe wa sauti akieleza tu anachokiona mbele yake, akakubali sauti yake itumike. Akaeleza foleni, bei ya maji, kina mama wenye watoto wachanga waliohamishiwa kwenye basi lenye nafasi ili walale. Nikaendesha basi kwenye gemu polepole, nikaweka sauti yake juu. Kwenye simu yake kulikuwa na upepo na mtu anakohoa, ubora ulikuwa wa chini kuliko chochote nilichowahi kuweka. Kwenye takwimu za chaneli, hiyo ndiyo video ambayo watu wameisikiliza mpaka mwisho kuliko zote.

Kuipandisha ndiyo ilikuwa shida. Tarehe 12 Mei nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ya nchi ikawa ya kuvizia. Video nzima haikupanda hata usiku wa manane, lakini ujumbe wa sauti wa dakika moja, ambao haufiki hata MB moja, ulikuwa unapita. Nikaishusha video kutoka ubora wa picha wa 1080 hadi 720. YouTube inapendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa 1080 ya fremu 30 kwa sekunde na megabiti 5 kwa 720; kwa dakika kumi hiyo ni tofauti ya MB 600 na MB 375. Ikapanda. Hakuna mtazamaji hata mmoja aliyelalamikia picha. Tangu hapo safari za basi natoa kwa 720, bando la usiku linatosha na kubaki. Naiacha 1080 kwa video zenye maandishi madogo ya kusomeka kwenye kioo.

Kuhariri nilianza na CapCut kwenye simu, sasa natumia Shotcut kwenye kompyuta, ya bure na nyepesi. Mashine ikishindwa kuchezesha, washa nakala nyepesi za kuhariria. Utakata kwa kutumia nakala ndogo, na mwisho programu itatoa kutoka kwenye faili halisi. Kukata kwenyewe ndiko kunakochosha na ndiko kunakolipa. Saa moja ya kuendesha natoa dakika kumi na mbili. Sianzi na salamu wala kuomba watu wabonyeze kengele. Naanza gari likiwa barabarani na jambo la kwanza nimeshalisema. Kisha nasikiliza mara moja nikiwa nimefumba macho. Sehemu nitakayochoka kusikiliza, inatoka, hata kama picha yake ni nzuri.

Muziki ni eneo la kuwa makini. Basi la Kusini bila singeli halijakamilika, nakubali, lakini ukiweka wimbo wa mtu, mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo utaukamata. Mara nyingi ni dai tu: mapato ya video yanakwenda kwa mwenye wimbo, au video inazuiwa baadhi ya nchi. Dai si onyo. Onyo la hakimiliki ni jambo zito zaidi, matatu ndani ya siku 90 na chaneli inaweza kufungwa. Gemu zenye redio ndani zina hatari hiyohiyo, zima muziki kwenye mipangilio kabla ya kurekodi. YouTube ina maktaba yake ya muziki wa bure. Na aliyetengeneza basi au rangi unazotumia, mtaje jina lake la kazi kwenye maelezo. Vijana wale wanakesha.

Kuhusu fedha nitasema wazi, kwa sababu wengi wanaingia wakitegemea hizo. Ili upate mgawo wa matangazo wa YouTube unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi ziwe zimetazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Video ya mtu anacheza tu bila maelezo inaweza kukataliwa hata ukifikisha idadi hiyo. Mapato yakifika dola 10 wanakutumia namba ya uthibitisho kwa barua ya posta, kwa hiyo tafuta sanduku la posta mapema. Mimi nilitumia la steshenari, kwa idhini ya bosi, na kila asubuhi nilikuwa wa kwanza kuuliza barua. Malipo yanatoka ukifikisha dola 100. Hadi leo chaneli imerudisha bei ya maiki, UPS na sehemu ya kompyuta. Ile simu ya 420,000 bado haijarudi.

Ukitaka nikusikilizie kazi yako, nitumie sekunde thelathini za sauti peke yake, bila picha. Usizisafishe kwanza. Zisikilize wewe mwenyewe kwa spika ya simu ya bei ndogo, maana wengi wa watazamaji wetu wanatumia hizo, na uangalie kama kila neno linasikika juu ya injini. Ukiona hayasikiki, sogeza maiki karibu, ushushe injini, urekodi nyingine thelathini kabla hujaanza safari nzima.